Praima ya modeli kwenye hewa ya Mtwara: thina kwanza, chapa baadaye

Anayeunda modeli ya plastiki, ndege ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko halisi) au kifaru cha 1/35, hapa Mtwara au Lindi huuliza kwanza praima ipi ni bora, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe. Swali lina jibu, na tutalifikia, lakini kinachoharibu kazi nyingi zaidi ni thina, kimiminika cha kuzimulia praima. Hewa ya pwani yetu imejaa unyevu, hasa kuanzia mvua za Novemba au Desemba mpaka Aprili, na praima inayotoka safi kwenye hewa kavu hapa hutoka na ukungu mweupe.

Ukungu huo una sababu yake. Thina inapokauka huchukua joto la plastiki. Ikikauka haraka mno, uso wa modeli hupoa kuliko hewa inayouzunguka, na unyevu hugeuka maji juu yake kama jasho la chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Maji hayo yakinaswa ndani ya praima ndipo unapoona madoa meupe. Kwa hiyo dawa ni thina inayokauka polepole. Kubadili chapa ya praima peke yake hakusaidii kitu.

Kwa plastiki ya polistireni, ambayo ndiyo ya seti nyingi za modeli, praima ya laka (ile ya thina yenye harufu kali, si ya maji) inashika kuliko zote. Mr. Surfacer ya kampuni ya GSI Creos ina namba: 500, 1000, 1200, 1500. Namba ikiwa kubwa, punje ni ndogo. Ya 500 ni ya kuziba mikwaruzo na viungo kwa brashi ya mkono; usiipulize kwenye ndege ndogo, itameza mistari ya maungio ya mabati na ribiti zote. Ya 1000 inatosha vifaru na magari, na 1500 ni ya ndege, hasa zitakazopigwa rangi ya chuma. Kijivu huonyesha makosa vizuri kuliko rangi nyingine. Chini ya njano au nyekundu weka nyeupe au pinki, na chini ya rangi ya chuma weka nyeusi.

Praima ya gereji iachie magari halisi. Ni nzito, imetengenezwa kujaza mikwaruzo ya bodi. Kwenye modeli ya jahazi ya mbao inafaa, maana mbao ina vinyweleo vya kujazwa na haiyeyuki. Thina ya gereji nayo ni kali, na mchanganyiko wake hubadilika toka kopo hadi kopo: leo inapita salama, kesho inalainisha bawa zima. Itumie kusafishia brashi ya hewa tu, yaani kile kifaa cha kupulizia rangi kwa kompresa.

Sasa kuchanganya. Nunua mabomba ya sindano ya mililita 5 duka la dawa, tupa sindano zake, ubaki na mabomba. Kukadiria kwa macho ndiko kunakofanya kazi ya leo isifanane na ya jana. Usitikise chupa ya praima kwanza; ikoroge kwa kijiti bapa dakika mbili nzima, ukikwangua chini, kwa sababu uzito wote umelala huko. Anza na mililita 2 za praima kwa mililita 3 za Mr. Leveling Thinner. Thina hii tayari ina kichelewesho, dawa ya kuifanya ikauke polepole, ndani yake. Ukiwa na Mr. Color Thinner ya kawaida, ongeza kichelewesho asilimia 5, na siku ya unyevu mwingi usipite asilimia 10. Ukizidisha, praima itabaki laini kwa siku kadhaa.

Kwenye kikombe cha brashi ya hewa tanguliza thina, kisha praima. Ukianza na praima, ule uzito unashuka moja kwa moja kwenye pua na kuziba kabla hujaanza.

Ikiwa ndani ya chupa praima ni kama kasimele, unataka ifike tui la pili. Inamisha kikombe kidogo kisha kirudishe: mchanganyiko ulio sawa hupanda ukutani, huacha utando mwembamba unaopitisha mwanga, kisha hushuka taratibu. Ukiacha ukuta umefunikwa kijivu kizito, ongeza thina nusu mililita. Ukiteremka wote mara moja kama maji, praima imepungua, na itatiririka kwenye kona.

Pua ya milimita 0.3 au 0.4, presha ya kompresa 15 hadi 20 psi (kipimo cha presha), umbali wa kiganja kimoja, kama sentimita 10. Jaribu kwenye kijiko cha plastiki au kipande cha fremu ya seti. Kitazame dhidi ya mwanga wa dirisha: kinang'aa kwa maji sekunde chache, kisha kinafifia sawasawa. Hapo endelea kwenye modeli, mkono wa kwanza mwepesi kiasi cha kuona plastiki bado, ngoja dakika kumi, kisha mkono wa pili wa kufunika. Ikiparuza kidole kama msasa, matone yamekauka hewani: sogea karibu au ongeza thina. Kosa hili hutokea sana wakati wa kusi, upepo ukiwa mkavu. Zikitoka nyuzi kama utando wa buibui, praima bado nzito.

Modeli ioshwe kwanza kwa sabuni ya vyombo, isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi (maji ya visima vingine vya pwani huacha alama nyeupe), ikauke kabisa. Fungua na kumwaga maji kwenye tangi la kompresa kila kabla ya kazi. Hapa hujaa haraka kuliko unavyodhani. Saa nzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, unyevu unapopungua. Mvua ikinyesha, acha.

Ukungu ukitokea, usikimbilie msasa. Puliza Leveling Thinner tupu, kidogo sana, juu ya doa: laka inayeyuka tena, maji yanatoka, weupe unaondoka.

Nyumba yenye watoto na chumba kimoja ni afadhali praima ya akriliki kama Vallejo Surface Primer, ambayo hainuki sana. Matone machache ya thina yake yenyewe yanatosha. Usitie spiriti, itaganda kama gundi. Kwenye joto letu hukaukia kwenye ncha ya sindano ya brashi ya hewa, basi kaa na pamba yenye maji uifute mara kwa mara. Ngoja saa 24 kabla ya kuigusa, na usiipige msasa kwa nguvu kwani hubanduka kama ngozi.

Laka ipulizwe penye hewa inayopita, mbali na jiko la mkaa, na barakoa yenye vichujio vya mkaa. Ya kitambaa haizuii mvuke. Ukimaliza, funika modeli kwa beseni safi. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, unga ule unafika hata sebuleni na kukaa juu ya praima mbichi. Kesho yake sogeza pua karibu: ikiwa bado inanuka thina, rangi isubiri.