Usiichomeke! Chomoa kwanza kapasita ile moja

Mkuu, weka hiyo plagi chini kwanza. Nimesoma swali lako lote, vanishi ya boksi, kitambaa cha spika, valvu (zile chupa za kioo zinazowaka ndani) zinapatikana wapi, FM itashika au la, nikafika mstari wa mwisho: "Idi wakikusanyika nyumbani nitaichomeka tuone kama redio ya babu bado inaimba." Hapo mengine yote yakanitoka kichwani. Halafu mchangiaji wa tatu anakujibu "ichomeke tu mkuu, vitu vya zamani vigumu hivyo." Huyo mwogope. Mimi nilishauriwa na wa aina yake, na ushauri wenyewe upo kabatini kwangu ndani ya mfuko wa nailoni, mpaka leo unanuka.

Redio yangu na yako ni ndugu: Philips ya Uholanzi ya miaka ya 1950, boksi la mbao, mbele lile jicho la kijani linaloonyesha stesheni imeshika. Ilikuwa ya mjomba, Tanga, ikakaa juu ya kabati miaka nenda rudi ikila unyevu wa bahari. Fundi niliyempelekea (simtaji, ana watoto) akafungua nyuma, akapuliza vumbi, akagusagusa na mita, akatamka: "Nzima hii. Chomeka." Tukachomeka.

Ikaimba. Na ubaya wote ulianzia hapo, maana ingelipuka palepale ningepoteza fyuzi tu. Valvu zikapata moto polepole, jicho likafumbuka, sauti nzito ikajaa sebuleni, mjomba akaegemea kiti na kufumba macho. Nani angeizima? Baadaye sauti ikaanza kukwaruza. Nikasikia harufu ya lami. Kuchungulia nyuma, ile valvu ya mwisho inayosukuma spika, EL84, bati lake la ndani lilikuwa jekundu kama mkaa uliopulizwa, na nta inachuruzika kutoka kwenye transfoma ya spika. Kabla sijaifikia soketi, kimya. Koili ilishakatika.

Fundi akasema valvu ndiyo mbovu. Akaniuzia nyingine pamoja na transfoma aliyoichomoa kwenye mzoga wa redio nyingine. Nayo ikawa nyekundu. Akasema hiyo valvu ilikuwa feki, ninunue tena. Nikanunua. Msinicheke, mtu akiwa na mjomba anayempigia simu kila jioni kuuliza "imepona?" akili haifanyi kazi zote. Mwenzenu nilifika hatua ya kuilaumu TANESCO, na safari hiyo kwa kweli walikuwa hawana hatia.

Sikiliza sasa kilichokuwa kinaendelea. Kati ya valvu ya kabla na EL84 kuna kapasita moja ndogo, mara nyingi kati ya 0.01 na 0.022 maikrofaradi. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuuzuia umeme wa moja kwa moja (DC), kwa sababu upande mmoja kuna volti themanini, mia, hata zaidi, na upande wa pili, kwenye mguu namba 2 wa EL84, panatakiwa pawe sifuri. Za zamani hizo ndani ni karatasi na foili, nje zimefunikwa lami au nta. Karatasi ikishavuta unyevu, umeme unaanza kuvuja. Kidogo sana, na kidogo hicho kinatosha: pale mguuni kuna rezista ya karibu megaomu moja, na mvujo wa maikroampea 5 tu kwenye megaomu moja ni volti 5. Volti 5 chanya hapo, valvu inafunguka na kuvuta umeme kupita uwezo wake, bati linawaka, transfoma inapika. Ukibadilisha valvu unampelekea mwuaji mtu mwingine wa kuua.

Na ile mita ya fundi? Zile za bei rahisi ohmu zake zinaishia 2000k, na zinapima kwa volti chache za betri. Kapasita inayovuja hivi inasoma megaomu ishirini au zaidi, kwa hiyo kioo kinaandika "1" na fundi anasema nzima. Ugonjwa wake unaonekana ikibebeshwa volti mia, mahali pengine utaupima bure. Nilikuja kulijua hili nikiwa nimeshalipa kila kitu, nikarudi kumweleza, akaniambia "hizo ni nadharia."

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitairudia mpaka mnichoke: kapasita hiyo ITOKE kabla redio haijaonja umeme. Usiipime, usiihurumie, usiseme "mbona kwa nje inaonekana nzuri." Yangu ilikuwa inang'aa. Weka ya plastiki, polyester au polypropylene, thamani ileile, volti 630. Bei yake hainunui hata soda mbili. Kuipata: geuza chasisi, tafuta kikalio cha EL84, miguu tisa yenye pengo, ukiangalia kwa chini hesabu kuanzia kwenye pengo kufuata mshale wa saa. Fuata waya wa mguu wa 2, wakati mwingine unapitia rezista kwanza, mpaka ufike kwenye kidude chenye lami. Ndiyo huyo.

Najua kuna atakayekuja kusema "tumia balbu ya kuunga njiani," yaani umeme upitie kwenye balbu kwanza kabla ya kufika kwenye redio. Sawa, itumie, ni nzuri, ila iwe ya filamenti, wati 60 au 100, ya LED haifanyi kazi hiyo. Lakini balbu itakuokoa na shoti kubwa tu. Valvu inayovuta mara mbili ya kiasi chake balbu haitakusimulia, itabaki imefifia vilevile huku transfoma ikiungua. Ukishabadilisha ndipo uwashe, uweke mita mguu wa 2: sifuri. Mguu wa 3: karibu volti 7. Ukiona 12, zima, usisubiri wimbo uishe.

Zile kapasita kubwa za kuchuja mngurumo nazo ni za kubadilisha, maikrofaradi 47 kwa volti 450. Yupo mtu humu anapenda kushauri 220 eti mngurumo uishe kabisa. Kama valvu yako inayogeuza umeme kuwa DC ni EZ80, mwisho wake ni maikrofaradi 50. Basi.

Na kabla hujaingiza mkono, soma majina ya valvu. Yakianza na U, UCH81, UL84 na ndugu zake, hiyo mara nyingi haina transfoma ya umeme, chasisi nzima inaweza kuwa imeungwa na waya wa ukutani. Hata zenye E, chomoa plagi, kisha toa chaji kwenye kapasita kubwa kwa rezista, zinashika volti mia tatu ukiwa umesahau. Mimi zilinikumbusha kwenye kiwiko.

Valvu ulizouliza usinunue hata moja kwa sasa, nyingi hapo utakuta bado nzima. FM inategemea, nyingi za Ulaya za enzi hizo zinaishia megahezi 100, kituo chako kikiwa juu ya hapo sahau. Vanishi na kitambaa watakujibu wengine, mimi langu ni hilo moja. Piga picha ya chini ya chasisi, karibu na kikalio cha EL84, mwanga uwe wa kutosha, uitundike hapa kabla ya Idi, nikuzungushie duara ujue pa kuanzia.