Zahanati yetu imekwamia wapi? Maswali yenu kuhusu mpango na bajeti ya halmashauri

Ujumbe kuhusu mipango na bajeti za halmashauri za wilaya za Tanzania umekuwa mwingi kuliko ninavyoweza kuujibu mmoja mmoja. Nimechagua yale yanayojirudia, na majina ya vijiji na halmashauri nimeyaacha kwa makusudi.

Mkutano mkuu wa kijiji chetu umepitisha zahanati kuwa kipaumbele miaka mitatu mfululizo. Bajeti ikitoka, haimo. Nani anaikata? (Mwenyekiti wa kijiji)

Ndugu mwenyekiti, mara nyingi hakuna aliyeikata, kwa sababu haikufika hata pale pa kukatiwa.

Ifuate njia yenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji unapendekeza, serikali ya kijiji inaandika, mtendaji anapeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake. Kata inachambua ya vijiji vyote, kisha inapeleka wilayani kwa afisa mipango. Huko wataalamu wanaoanisha, menejimenti inapitia, kamati za kudumu zinajadili, na Baraza la Madiwani linapitisha, kwa kawaida kati ya Januari na Machi. Aprili bajeti ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, inasomwa bungeni, Juni ya serikali nzima, na Julai mosi mwaka mpya wa fedha unaanza.

Sasa tazama tarehe za mkutano wenu. Wenyeviti wengi huitisha mkutano wa kuibua miradi Februari au Machi, wakati wilayani watu wanasahihisha makosa ya tarakimu tu. Mwongozo wa bajeti hutoka karibu na Novemba, ukiwa na ukomo, yaani kiasi ambacho halmashauri haitakiwi kukivuka. Kipaumbele kinachofika kata baada ya hapo kinasubiri mwaka mwingine, na mwaka huo mwingine nacho kinachelewa vilevile. Ikiwa sheria inawataka mkutane kila miezi mitatu, basi ule wa Septemba au Oktoba ndio wa mpango. Mingine ni ya kusomewa mapato na matumizi.

La pili ni orodha yenyewe. Nimekaa na mihtasari ya vijiji yenye vipaumbele kumi na tano, namba moja zahanati, namba kumi na nne kisima, vyote vikiwa na uzito uleule. Afisa mipango akipokea orodha kama hiyo kutoka vijiji themanini, atachagua mwenyewe, maana mmemwachia achague. Andikeni mradi mmoja, au miwili ikibidi. Wekeni humo idadi ya kaya, umbali hadi kituo cha tiba kilicho karibu, ukubwa wa eneo lililotengwa na uthibitisho kwamba halina mgogoro. Muhtasari wa namna hiyo ni vigumu kuuruka, hasa diwani akiusoma kwa sauti kwenye kikao cha Baraza.

Halafu kuna jambo ambalo diwani wako huenda hakuambii: fedha ambayo Baraza linaweza kuielekeza linakotaka ni sehemu ndogo ya bajeti yote. Mishahara inatoka Serikali Kuu. Ruzuku ya elimu bila ada na fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinakuja zikiwa na masharti yake. Kinachobaki ni mapato ya ndani. Mwongozo umekuwa ukizitaka halmashauri zitenge asilimia 40 ya mapato hayo yasiyolindwa, yaani yasiyofungwa kwa kazi maalumu, kwa miradi ya maendeleo, na 60 kwa zile zenye makusanyo makubwa, ingawa viwango hivyo vinaweza kubadilishwa mwaka hadi mwaka. Zahanati yako inagombea humo, pamoja na matundu ya vyoo ya shule za wilaya nzima.

Tulichanga, tukafyatua tofali, tukapandisha boma la zahanati hadi usawa wa lenta. Huu mwaka wa nne linanyeshewa. Si tuliambiwa serikali itamalizia? (Mama, mjumbe wa kamati ya ujenzi)

Mama, hili ndilo swali linaloniudhi kuliko yote, na hasira yangu haiendi kwenu.

Utaratibu wa wananchi kuanzisha na serikali kumalizia ni wa siku nyingi. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, ulioanza 2007, ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na nguvu za wananchi zilikuwa sehemu ya hesabu. Maboma yakaota nchi nzima. Fedha ya kumalizia imekuwa ikija kwa mafungu. Kwa miaka ya karibuni, viwango vilivyozoeleka ni shilingi milioni 50 kwa boma la zahanati na milioni 12.5 kwa boma la darasa. Lakini maboma ni mengi kuliko mafungu, na halmashauri hupeleka orodha ya yanayostahili.

Kwa hiyo swali la kwanza mkamuulize mkurugenzi, kwa barua na si kwa mdomo: boma letu limo kwenye orodha hiyo? Yanayoachwa huwa na kasoro zinazofanana. Lilijengwa bila ramani ya wizara, vyumba vikawa vidogo. Mhandisi wa wilaya hakuwahi kukagua msingi. Au lipo karibu mno na zahanati nyingine, jambo ambalo wataalamu walilijua tangu siku ya kwanza na wakanyamaza, kwa sababu diwani alikuwa amesimama pale na koleo.

Hata milioni 50 zikija, majengo hayatibu mtu. Panahitajika choo, kichomea taka, maji, nyumba ya mtumishi, na mtumishi mwenyewe, ambaye kibali cha kumwajiri hakitoki wilayani. Ndiyo maana mpango unaitwa jumuishi pale unapofanywa vizuri: idara ya afya, utumishi, maji na ujenzi zinakaa meza moja kabla ya jiwe la kwanza. Bila kikao hicho mnapata zahanati iliyopakwa rangi na kufungwa kufuli.

Ushauri wangu kwa vijiji ambavyo havijaanza, na najua baadhi ya maafisa hawataupenda: msichange hata shilingi kabla halmashauri haijawaonyesha kwa maandishi mradi upo kwenye mpango mkakati wake wa miaka mitano, na mhandisi hajatia saini eneo. Nyie, mama, mmeshavuka hapo. Ombeni mhandisi aje akague kuta kama bado zinafaa kuezekwa, aandike ripoti, na ripoti iingie kata kabla ya Novemba. Boma lenye ripoti ya mhandisi hutangulia lisilo nayo.

Barabara yetu haipitiki masika. Diwani anasema si kazi yake, si kazi ya halmashauri. Anatukwepa? (Dereva wa bodaboda)

Hakwepi sana. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na maji vijijini yako chini ya wakala mwingine, RUWASA, tangu 2019. Wote wana mameneja wao wilayani na bajeti zao. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo, kwa hiyo kila ukijaza tangi unachangia. Lakini meneja wa TARURA huitwa kwenye Baraza kutoa taarifa, na diwani ana haki ya kumbana pale. Muulize diwani wako kikao kilichopita alisema nini. Kama alikaa kimya, hapo ndipo ana la kujibu.

Binafsi naona mgawanyo huu umeleta utaalamu na umeondoa uwajibikaji. Greda zinafanya kazi zaidi kuliko zamani, ila mwananchi hajui amlaumu nani.

Niko Durban mwaka wa sita. Huku kila mtu anazungumzia IDP, mpango jumuishi wa maendeleo wa manispaa. Ni sawa na mpango mkakati wa halmashauri ya nyumbani? (Msomaji, Afrika Kusini)

Vinafanana kwa sura. Tofauti iko kwenye meno.

Sheria ya Mifumo ya Manispaa ya Afrika Kusini ya mwaka 2000 inalitaka kila baraza jipya lipitishe mpango mmoja jumuishi wa maendeleo kwa kipindi chake, kisha liupitie upya kila mwaka. Wewe uliye Durban uko chini ya eThekwini, jiji ambalo halina wilaya juu yake. Ukishuka pwani ya kusini unaingia Ugu, mojawapo ya manispaa za wilaya 44 za nchi hiyo, na hapo mambo yanapendeza zaidi: wilaya inalazimika kuandaa mfumo wa mipango kwa eneo zima, na mfumo huo unaibana wilaya yenyewe pamoja na manispaa ndogo zilizomo ndani yake. Kwa maandishi angalau, mmoja hawezi kupanga nyumba mahali ambapo mwingine hana mpango wa kupeleka maji.

Mwaka wao wa fedha nao unaanza Julai mosi. Sheria yao ya fedha za manispaa ya 2003 inasema rasimu ya bajeti iwasilishwe barazani angalau siku 90 kabla ya hapo, ichapishwe, na wananchi waalikwe kutoa maoni. Baraza likishindwa kabisa kupitisha bajeti hadi mwaka unaanza, katiba inailazimisha serikali ya jimbo kuingilia kati, hata kulivunja baraza.

Nyumbani ibara za 145 na 146 za katiba zinazitaja serikali za mitaa na kazi zake, lakini ukomo, mwongozo na mkurugenzi vinatoka juu. Usidhani huko ni peponi, hata hivyo. Wewe mwenyewe umeona maandamano ya maji na umeme. Mpango mzuri na bomba kavu vinaweza kuishi mtaa mmoja.

Kikundi chetu cha vijana kimekamilisha kila kitu. Bajeti inasema asilimia 10 ya mapato ni ya mikopo. Tunaambiwa fedha hazipo. Zimeliwa? (Katibu wa kikundi)

Inawezekana, na inawezekana hazikuwahi kuwepo. Ile asilimia 10, yaani 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, inatolewa kwenye kilichokusanywa kweli, si kwenye makisio. Halmashauri ikikisia bilioni 3 ikakusanya 2, mgao wa mikopo ni milioni 200, wala si 300.

Na makisio ya halmashauri za vijijini yanasimama juu ya mazao. Tangu 2017 ushuru wa mazao ni asilimia 3 kwa ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja hausumbuliwi. Bei ikianguka, bajeti inaanguka nayo. Halmashauri za Mtwara na Lindi zinaukumbuka msimu wa korosho wa 2018/19. Mikopo yenyewe ilisimamishwa 2023 baada ya malalamiko ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarejeshwa 2024, na halmashauri kumi zikachaguliwa kuanza kuitoa kwa njia ya benki.

Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii ukamuulize vitu viwili: makusanyo halisi ya robo iliyopita, na kiasi kilichoingizwa kwenye akaunti ya mikopo. Tarakimu hizo mbili zikikataa kulingana, ndipo uanze kuuliza zimeliwa na nani.

Mkuu wa wilaya anaweza kubadilisha bajeti iliyopitishwa na madiwani?

Hapana. Kamati ya Ushauri ya Wilaya anayoiongoza inashauri, kama jina lake lilivyo, na ya mkoa vivyo hivyo. Kama ushauri huo huwa unapuuzwa kirahisi, hilo ni swali jingine, na jibu lake unalijua.

Kwa nini fedha za mradi zinaingia Mei na tunaambiwa tujenge usiku na mchana kabla ya Juni 30?

Kwa sababu Hazina hutoa fedha kadiri inavyokusanya, na muda wa kuzitumia unakwisha na mwaka. Kuna utaratibu wa kuomba bakaa, yaani fedha iliyosalia, ivuke mwaka, ila unahitaji mkurugenzi aombe mapema na kwa hoja. Kamati ya ujenzi iliyokwisha kukubaliana na fundi, kujua bei za vifaa na kuandaa eneo tangu Januari hailazimiki kumwaga zege usiku. Kukimbizana kwa Juni ndiko kunakozaa sakafu za kupasuka.

Nataka kuiona bajeti yenyewe. Naambiwa ni siri.

Si siri. Vikao vya kawaida vya Baraza ni vya wazi, unaweza kuingia ukakaa nyuma ukasikiliza, na bajeti inayopitishwa pale ni mali ya umma. Anza na ubao wa matangazo wa kata na kijiji. Ukikuta matangazo ya mwaka juzi, andika barua kwa mkurugenzi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa siku 30 kukujibu. Taja mwaka wa fedha na ukurasa unaoutaka: miradi ya kata yako, kiasi kilichotengwa, kiasi kilichopokelewa. Usiombe "bajeti yote", watakuambia ni kurasa mia tatu na mashine ya nakala imeharibika. Barua ipelekwe masjala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.