Barua kwa mwanangu: hiyo nanga ya vifungo vyako

Mami,

Picha ya lile koti umeokota Gikomba nimeiona, na swali lako nimelisoma mara mbili, eti mbona nanga kwenye vifungo imezongwa na kamba, ama fundi alikosea ndio maana ulipata kwa bei ya kutupa. Fundi hakukosea. Na kama juu ya nanga kuna taji basi huenda hizo ni za wanamaji wa Uingereza.

Lakini umeuliza kitu cha maana, juu baharini kamba ikizonga nanga hivyo ni balaa. Unajua kabla nije Nairobi nilikaa Likoni, sasa siku moja tukatoka na mjomba kuvua, tukatia nanga usiku, upepo ukageuka, mashua ikazunguka na kamba ikajisokota kwenye makucha ya nanga, kufika asubuhi tumeburutwa mbali kabisa, mjomba anavuta huku anatukana, viganja vimechunika. Watu hudhani nanga inashika juu ni nzito. Wapi! Inashika juu inalala na kuuma mchanga, ndio maana kamba unaiachilia ndefu, hata mara tano mpaka saba ya kina cha maji, ili ivutwe kwa ulalo. Ikishazongwa haiumi, inafuata mashua tu kama mbuzi anapelekwa sokoni.

Sasa hiyo aibu ndio wakubwa walichagua kuvaa! Lord Howard of Effingham, yule amiri wa Uingereza aliyepigana na meli za Wahispania 1588, alikuwa nayo kwenye muhuri wake, na bendera ya Admiralty, ile ofisi iliyosimamia wanamaji wa Uingereza, ni nyekundu yenye nanga ya njano imezongwa vilevile. Marekani nao, wale wanamaji wanaitwa chief, beji yao ni nanga na mnyororo umeizunguka, na herufi USN, yaani United States Navy, juu yake. Hapa kwetu Kenya Navy, iliyoanza 12 Desemba 1964 na kambi yake iko Mtongwe, Mombasa, bendera yao ni nyeupe, ya taifa iko kwenye kona na nanga nyekundu kando.

Wengine watakuambia kamba ni ishara ya taabu za baharini. Mimi naona mchoraji alitaka duara la muhuri lijae vizuri, na hakuwahi kuvuta nanga maishani mwake.

Mama yako hapa anasema nanga ni ya kanisa kwanza, Waebrania 6:19, nanga ya roho, na hajakosea, Wakristo wa zamani waliichora kwenye makaburi ya chini ya ardhi kule Roma. Ila hiyo yao haikuwa na kamba, nimemwambia, amenuna.

We vaa koti lako. Kwenye picha naona kifungo cha pili kimelegea, kuja nalo Jumapili, mama ako na uzi mweusi.

Baba