Usianzie 1755

Dada, nimekuelewa: mumeo wa Louisiana ana babu wa kale aliyeitwa Hébert, Waingereza walimfukuza Acadia (koloni la zamani la Wafaransa, leo mashariki mwa Kanada) mwaka 1755, nanyi mnatafuta ukoo wake na mmekwama. Basi msianzie huko. Anzeni na vyeti vya bibi aliye hai, mpande kizazi kimoja kimoja. Mimi niliruka vizazi viwili kwa pupa, nikamfuatilia Hébert wa watu miezi minne.

Mkimfikia aliyehamia Louisiana, ulizeni alitokea wapi. Waliofika 1785 kwa meli saba walitoka Ufaransa, na wengi wa waliotangulia miaka ya 1760 walitoka Maryland. Kama ukoo ulipitia Belle-Île-en-Mer, kisiwa cha Ufaransa, mna bahati ya mtende: mwaka 1767 familia za pale ziliapishwa, zikataja wazazi na mababu, yote yakaandikwa. Watu wa Grand-Pré, kijiji cha Acadia, nao walibeba vitabu vya parokia yao, Saint-Charles-des-Mines, hadi uhamishoni. Vilivyosalia vimo katika hifadhi ya Jimbo Katoliki la Baton Rouge.

Majina yatawatoa jasho. Karani Mwingereza aliandika alichosikia, na kwenye Hébert ile H haisikiki wala t, kwa hiyo tafuteni hata kwenye E na A.

Kipimo cha vinasaba kisiwadanganye. Waakadia walioana wao kwa wao, hivyo ndugu wa mbali huonekana wa karibu. Miti ya ukoo ya mtandaoni ni tetesi mpaka muone rejista. Kifaransa cha mkono kikiwashinda, mlipeni mtaalamu asome ukurasa huo tu.