Jibu: Ulinzi wa NFL, usajili au drafti?

Mkuu, umeuliza timu ya NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani) yenye ulinzi mbovu ianzie wapi: kusajili wachezaji huru, yaani waliomaliza mikataba, au drafti, yaani zamu za timu kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Drafti kwanza. Watazame Denver Broncos: Februari 2014 walichapwa 43-8 na Seattle kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, Machi wakamwaga hela kusajili walinzi DeMarcus Ware, Aqib Talib na T.J. Ward. Wengi wanakumbuka hapo tu. Lakini mlinzi Von Miller walishamchukua kwenye drafti ya 2011, walinzi wenzake Malik Jackson na Danny Trevathan 2012, raundi ya 5 na ya 6, kwa mishahara midogo kabisa! Ndiyo maana akina Ware walitosha ndani ya ukomo wa mishahara, yaani jumla ambayo timu hairuhusiwi kuivuka. Super Bowl ya 50, Miller alimpokonya Cam Newton, mrusha mpira wa wapinzani, mpira mkononi, Jackson akauangukia kwenye eneo la kufungia, tachidauni (bao). Kama timu yako bado haina vijana wa namna hiyo, usajili mkubwa usubiri.