Maswali na majibu: Saa za kwanza katika Ugiriki ya Assassin's Creed Odyssey

Tangu nilipodokeza katika safu hii kwamba nimeanza kucheza Assassin's Creed Odyssey, wasomaji kadhaa wameniandikia, na maswali yao yametosha kujaza safu nzima. Kwa wasioufahamu, huu ni mchezo wa video wa kampuni ya Ubisoft, uliotengenezwa na studio yake ya Quebec nchini Kanada na kutolewa Oktoba 2018. Ndani yake mchezaji ni mamluki anayezunguka Ugiriki mwanzoni mwa Vita vya Peloponnesos, kati ya Athene na Sparta, mwaka 431 K.K. Nimekwisha kumaliza kisiwa cha Kephallonia na jimbo la Megaris, nimepitia Delphi, na sasa nimo Athene. Majibu haya, kwa hiyo, ni ya mtu aliye bado mwanzoni mwa safari, na sitafichua siri za hadithi zaidi ya zile zinazojitokeza mapema.

Sijawahi kucheza toleo lolote la mfululizo huu. Je, nitaelewa kinachoendelea?

Utaelewa. Mfululizo ulianza mwaka 2007, lakini hadithi hii imewekwa karibu karne nne kabla ya ile ya toleo lililoitangulia, lililohusu Misri, na inajitegemea. Kuna vipande vifupi vya zama zetu vinavyomhusu mtafiti aitwaye Layla Hassan, ambavyo mgeni hatavielewa vizuri. Vipite tu.

Mwanzoni ninaambiwa nichague kati ya Alexios na Kassandra. Je, kuna tofauti ya maana, au ni sura tu?

Kwa uwezo wa kupigana hakuna tofauti yoyote, na mazungumzo yao ni karibu yale yale. Hata hivyo uchaguzi una uzito, kwa sababu hauwezi kubatilishwa isipokuwa kwa kuanza upya, na kwa sababu yule usiyemchagua hapotei katika hadithi. Ushauri wangu ni kumchagua Kassandra. Mwigizaji wake, Melissanthi Mahut, anaweza kusema sentensi ya kawaida kabisa ukasikia ndani yake dhihaka, uchovu na huruma kwa pamoja, ilhali Alexios, katika saa hizi za kwanza, ananguruma zaidi ya kuzungumza.

Jambo moja linanisumbua, nalo si kosa la mwigizaji. Kassandra anaingia sokoni, kambini na katika nyumba za wakubwa wa Athene bila mtu kustaajabu kwamba ni mwanamke mwenye silaha. Athene ya wakati huo haikuwaruhusu wanawake wake kupiga kura wala kumiliki mali kubwa kwa jina lao, na mke wa mwenye nafasi alitarajiwa kukaa ndani. Sparta ilikuwa tofauti: wasichana walifanya mazoezi ya mwili hadharani, na Aristotle aliandika kwamba katika zama zake karibu sehemu mbili kati ya tano za ardhi ya nchi hiyo zilikuwa mikononi mwa wanawake. Kyniska, binti wa mfalme wa Sparta, alitangazwa mshindi wa mbio za magari ya farasi huko Olympia mwaka 396 K.K., kwa kuwa farasi walikuwa wake. Watengenezaji wangeweza kuitumia tofauti hiyo ya miji miwili kumfanya Kassandra apokewe namna moja hapa na namna nyingine kule. Waliamua kuifuta ili wahusika wote wawili watoshee maneno yale yale, na mchezo umepungukiwa kwa uamuzi huo.

Nilianza kwa hamu, lakini nimechoka upesi. Ramani imejaa alama, nami nakimbia kutoka alama moja hadi nyingine kama tarishi. Nifanye nini?

Nadhani ulichagua hali ya kuongozwa. Mchezo unapoanza unakupa njia mbili: kuongozwa, ambapo lengo linaonyeshwa moja kwa moja kwenye ramani, na kuchunguza, ambapo mtu anayekupa kazi anakueleza tu kwamba unayemtafuta yuko jimbo fulani, upande wa kusini, karibu na magofu au mto. Baada ya hapo ni juu yako kufika eneo hilo na kumrusha tai wako, Ikaros, alitazame kutoka juu. Watengenezaji wenyewe wanapendekeza njia hii ya pili, na ndiyo iliyonifanya niupende mchezo. Unaweza kubadilisha wakati wowote kwenye mipangilio.

Tofauti yake si ndogo. Anayeongozwa hana sababu ya kusikiliza mazungumzo, kwa kuwa mshale utampeleka hata kama hakusikia neno. Anayechunguza hulazimika kusikiliza, na akisikiliza huanza kuwajua watu. Kephallonia imejengwa kwa ajili ya mchezaji wa namna hiyo. Ni kisiwa kidogo chenye mlima mmoja mkubwa na sanamu kubwa mno ya Zeus juu yake, na baada ya muda utajua njia zake bila kufungua ramani. Hapo utamkuta Markos, mwanamume mwenye maneno matamu na madeni mengi, aliyenunua shamba la mizabibu kwa fedha za jambazi anayeitwa Cyclops. Utamkuta pia Phoibe, mtoto yatima anayejiingiza katika hatari kila unapogeuka. Ukivuka hadi Ithaka jirani utakuta magofu ya jumba la Odysseus, shujaa wa visasili vya Kigiriki, ambaye jina la mchezo linamkumbusha.

Kisha nenda katika kijiji cha Kausos. Nyumba zimechomwa moto kwa sababu ya ugonjwa, na kuhani pamoja na watu wake wako tayari kuiua familia iliyosalia ili maradhi yasienee. Unaweza kuwatetea, unaweza kuondoka. Mchezo haukupigii kengele ya kukusifu wala kukulaumu. Matokeo hujitokeza baadaye sana, ukiwa umekwisha tweka tanga na kukisahau kisiwa. Sitasema ni matokeo gani. Katika yote niliyoyaona mpaka sasa hakuna kazi iliyoandikwa vizuri kuliko hii, na ni ya pembeni: hakuna anayekulazimisha kuifanya.

Sikatai kwamba uchovu wako una sababu nyingine pia. Ukishafika Megaris, kambi za askari huanza kufanana: ua kapteni, chukua kisanduku, choma akiba ya vita. Kambi ya Athene na ya Sparta zinatofautiana kwa rangi za bendera zaidi ya kitu kingine. Hizo ziache zikupite, isipokuwa pale unapohitaji silaha mpya.

Ninafundisha historia sekondari. Je, naweza kuwaonyesha wanafunzi wangu mchezo huu, na je, historia yake ni ya kuaminika?

Mwalimu, nigawanye jibu langu. Mchezo wenyewe hapana, kwa sababu umewekewa alama ya umri wa miaka 18 barani Ulaya na una damu nyingi pamoja na mambo ya chumbani. Lakini Septemba 2019 Ubisoft ilitoa sehemu iitwayo Discovery Tour, isiyo na mapigano, ambayo wenye mchezo huu waliipata bila malipo. Ndani yake mwanafunzi anatembezwa mahali kwa mahali akisikiliza maelezo kuhusu siasa, vita, falsafa, maisha ya kila siku na visasili. Hiyo inafaa darasani.

Kuhusu kuaminika, majengo yanastahili sifa kuliko watu. Parthenon, hekalu kuu la Athene lililoanza kujengwa mwaka 447 K.K. na kukamilika pamoja na michongo yake mwaka 432 K.K., inaonekana ikiwa mpya, na mahekalu na sanamu vimepakwa rangi kali kama ilivyokuwa kweli. Anayezijua sanamu nyeupe za majumba ya makumbusho atashtuka. Kuta Ndefu za kuunganisha Athene na bandari ya Piraeus zipo, na ukitembea kando yake utaelewa kwa nini Perikles, kiongozi wa Athene, aliamini mji ungeweza kujifungia na kulishwa kwa meli. Utaelewa vilevile kwa nini tauni ya mwaka 430 K.K. iliua wengi hivyo, maana wakulima wa vijijini walikuwa wamesongamana humo. Perikles mwenyewe alifariki mwaka 429 K.K.

Sasa makosa. Sanamu kubwa kama milima zilizotapakaa nchini, ikiwemo ile ya Zeus, ni za kubuni. Katika karamu ya Perikles unakutana na Aristophanes, mwandishi wa tamthilia za kuchekesha, aliye mtu mzima kabisa, wakati ambapo huenda alikuwa bado kijana wa miaka 15 au 16 hivi. Kephallonia ya mchezo imeachwa kando ya vita, ilhali Thucydides, mwanahistoria wa vita hivyo, anasimulia kwamba katika mwaka ule ule wa 431 K.K. meli za Athene zilifika kisiwani na kukivuta upande wao bila kupigana. Na utangulizi unaomtukuza mfalme Leonidas na Wasparta 300 waliopigana na Waajemi huko Thermopylae mwaka 480 K.K. ungefaa kuambatana na neno lako darasani kuhusu Wathespia 700, watu wa mji mwingine wa Kigiriki, waliobaki nao siku ya mwisho, ambao wengi huwasahau.

Adui zangu wananizidi viwango, na duka la ndani ya mchezo linaniuzia kiongeza cha kupanda haraka. Je, ninunue?

Usinunue. Kiongeza hicho, kinachoongeza nusu ya pointi za uzoefu kwa fedha halisi, kililalamikiwa sana mchezo ulipotoka, na malalamiko hayo yalikuwa ya haki: kampuni inayopanga kasi ya kupanda viwango haipaswi kumuuzia mchezaji dawa ya ugonjwa iliyoutia yenyewe. Habari njema ni kwamba huna haja nacho. Fanya kazi za pembeni zenye watu na mazungumzo, zile za Kausos na zinazofanana nazo, na utafika Athene ukiwa na kiwango cha kutosha. Ukiona bado ni vigumu, punguza ugumu kwenye mipangilio.

Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8. Je, itaweza? Na bando langu?

RAM ya GB 8 ndicho kiwango cha chini kinachotajwa, pamoja na kadi ya grafiki ya daraja la GTX 660. Itafanya kazi, lakini punguza ubora wa mawingu na vivuli, hasa unapoingia Athene, ambako umati huulemea mtambo. Kupakua kunahitaji zaidi ya GB 46, kwa hiyo tafuta intaneti isiyo na kikomo. Mchezo wenyewe ni wa mtu mmoja.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi na baba yangu ni nahodha. Nimesikia kuna meli. Je, zinaendeshwa kama meli kweli?

Marahaba. Tuseme nusu. Meli yako, Adrestia, unaipata baada ya kumwokoa nahodha mzee Barnabas, na kuiendesha kunafurahisha: wapiga makasia wanaweza kuongezewa kasi kwa muda mfupi kabla ya kuchoka, mabaharia huimba kwa Kigiriki cha kale, na visiwa huchomoza polepole katika mwanga wa jioni. Baba yako, hata hivyo, atacheka akiona upepo hauna kazi kubwa na meli inageuka karibu mahali pale pale. Meli ya vita ya Athene ilikuwa na wapiga makasia 170 katika safu tatu, idadi kubwa kuliko ya Adrestia. Katika mchezo, ukiigonga meli ya adui kwa omo inakatika vipande viwili na kuzama. Katika vita vya kweli, meli ilipotobolewa kwa ncha ya shaba ya omo mara nyingi ilijaa maji tu ikabaki ikielea, kwa kuwa ilikuwa ya mbao nyepesi, na mshindi aliifunga kamba akaivuta hadi pwani yake.