Mama ana mistari, mtoto katoka kijani

SWALI: Habari ya kazi mtaalamu. Nina fukiran, ile okidi ndogo ya Kijapani, nilinunua haina kibao cha jina, muuzaji akaniapia ni ya mistari. Kweli majani ya kushoto yana michirizi myeupe, ila kichipukizi kilichotoka kulia ni kijani tupu. Nimetapeliwa? Na kuna mtu kaniambia hivyo ni virusi, hata usingizi sipati.

JIBU: Lala ndugu yangu, hujatapeliwa, labda kwenye bei maana hiyo hujaitaja. Mistari hiyo Wajapani wanaiita shima na shida yake ndo hiyohiyo, haitulii. Kwenye mmea wako seli zisizotengeneza kijani zimekaa upande mmoja, sasa kichipukizi kinatokea kwapani mwa jani, kikitokea upande wa michirizi kinaweza kuirithi, kikitokea ule mwingine ndo unapata hicho chako. Na usiombe weupe mwingi, mtoto akitoka mweupe pee hana cha kujilishia, anamnyonya mama tu, ukimtenganisha kwisha. Iliyotulia ni fukurin, yenye weupe ukingoni kama pindo la nguo.

Virusi? Shika jani ulitazame kwenye mwanga. Jani la okidi linakulia chini, kwa hiyo mchirizi wa asili unaanzia chini unanyooka kuelekea nchani. Virusi mara nyingi vinaleta mabaka yaliyokatikakatika, mengine yamedidimia na kuwa meusi, ukiyaona hayo tenga mmea.

Jina siwezi kukupa kwa michirizi peke yake. Wenyewe wanaangalia tsuke, ule mstari jani linapoungana na kitako chake, kuna uliopinda kama mwezi mchanga, kuna wa wimbi, kuna ulionyooka. Halafu jiku, rangi ya kitako, kijani au ya tope. Halafu ncha za mizizi, kuna za kijani na kuna nyekundu kama rubi (mi hizo ndo zinanimaliza), ila zitazame mizizi ikiwa inakua, ikilala hata ncha inafunikwa nyeupe. Majina yanasajiliwa na chama chao huko Japani, na wanayapanga kwa vyeo kwenye karatasi moja kama wanavyopangwa wacheza sumo, ile mieleka ya Kijapani.

Hicho cha kijani kikifikisha mizizi mitatu minne yake mwenyewe kitoe, kina nguvu hicho, ukikiacha kitampita mama.